Blanketi la Mwenye Ngwe Ndefu

Juzi pale Makambako, mbele ya duka la nguo, kijana mmoja alinisimamisha. Ameajiriwa unyapara kwenye kambi ya barabara, ana kalamu mbili mfukoni na kofia ambayo bado haijaonja mvua. Akanieleza kwamba watu wake ni wazito, na amepanga kumpa zawadi kila wiki yule atakayewashinda wenzake. "Unaonaje, mzee?" Sijafika hata miaka hamsini, lakini vumbi la barabara linazeesha, kwa hiyo sikumkatalia huo uzee. Lori nililokuwa nalingoja lilikuwa limekwisha kuwasha mashine. Nikamwambia, "Usifanye," nikapanda. Nilipogeuka nikamwona anacheka na mwenzake.

Kucheka ni haki yake, maana jibu la neno moja halimtoshi mtu mwenye kalamu mbili. Basi hili hapa refu, lake yeye na lenu nyote mnaotoka shule siku hizi na kukabidhiwa watu wa kuwasimamia.

Mimi nilitoka shule ya sekondari wakati tulio na elimu hiyo huku nyanda za juu tungeweza kukaa kwenye benchi moja. Walinipa ualimu. Nikauvumilia miezi minane, kengele ikanishinda. Tangu hapo miguu yangu haijatulia. Nimekuwa karani wa kambi huko Mbeya, nimekaa na wachimba dhahabu wa Lupa, nimepima magogo, nimerudi tena barabarani. Kila mahali nilipofika nilitamani nilikotoka, na nilikotoka nikirudi nakuta si kulekule. Lakini kazi niliyoijua hasa ni barabara, na aliyenifundisha hakuwa mzungu wala kitabu. Alikuwa Mkinga mmoja anayeitwa Mzee Tweve.

Tulikuwa tunapanua barabara ya kutoka Njombe kushuka Makambako, kipande kile cha mlimani ambako ukungu wa asubuhi hukuzuia kuona jembe lako mwenyewe. Mkandarasi alikuwa mzungu tuliyemwita Bwana Filimbi, kwa sababu hakuita mtu kwa jina. Alipuliza filimbi, na kila mmoja akajiuliza kama ni yeye. Mimi nilikuwa karani wake na mpimaji wa ngwe. Ngwe, kwa wasiojua, ni kipande cha kazi anachopimiwa mtu kwa siku. Kwetu ilikuwa mtaro wa hatua ishirini. Ukiumaliza, siku yako imekwisha, hata kama jua liko utosini.

Wiki yangu ya kwanza nilijitia ujuzi. Nikachora mtaro ulionyooka kama rula, kutoka juu ya kilima moja kwa moja hadi chini. Nilisimama nikautazama, nikaupenda. Mzee Tweve akaja na kiko chake mdomoni, akautazama vilevile.

"Nani kachora?"

"Mimi."

"Mzuri. Umeyatengenezea maji njia ya kukimbilia. Sasa yaambie yakifika pale chini yapige breki."

Mvua moja tu ya nje ya msimu ilinyesha. Mtaro wangu ukawa korongo ambalo ng'ombe angeweza kulala ndani. Wabena wa kambini walicheka siku tatu, na Mzee Tweve akanishika mkono kama mtoto akanirudisha mwanzo wa barabara. "Maji hayafukuzwi, mwanangu," aliniambia. "Yanatolewa polepole. Kila hatua thelathini yape mlango wa pembeni." Alinionyesha kwamba udongo wa mtaro hutupwa katikati ya barabara ili kuinua mgongo wake, wala hautupwi ukingo wa juu, kwa sababu mvua itaurudisha mtaroni. Alinionyesha jinsi ya kuitambua chemchemi iliyojificha: mahali ambapo mwezi wa Septemba, nyasi zote zimekauka, ndago bado ni za kijani. Hapo usijaze udongo hata kama bwana anapuliza filimbi mpaka apasuke mashavu. Chimba mtaro mwembamba, weka mawe makubwa chini, madogo juu, funika na magamba ya nyasi yaliyokatwa pamoja na mizizi na kupinduliwa, ndipo uweke udongo. Maji yatapita chini kimya kimya, na lori litapita juu.

Hayo ndiyo yaliyonilisha miaka yote hii. Sikuwahi kuyalipia.

Mzee Tweve alikuwa na nyonga mbovu. Mkewe alikuwa amefariki, wanawe wawili walikwenda kwenye mkonge wa Tanga na hawakuleta hata salamu. Alisema wazi, bila kujionea huruma, "Kwetu Ukinga nina kaburi na mpwa. Nyumba yangu ni hii kambi." Na kwa nyonga ile hakuweza kumaliza ngwe ya hatua ishirini. Akijitahidi sana alifika kumi na nne.

Lakini alikuwa anamaliza kila siku, na nitawaeleza kwa nini. Mnajua mgowe, kazi ya kualikana. Mtu akiita majirani kulima shamba lake, wote hujipanga mstari mmoja, na wa kwanza kufika mwishoni haendi kwenye pombe ya ulanzi. Anageuka, anarudi kumpokea aliye nyuma, mpaka majembe yakutane. Kibuyu hakifunguliwi mtu mmoja akiwa bado ameinama. Kikosi chetu cha watu thelathini kilikuwa kinafanya hivyohivyo barabarani, na hakuna aliyewaamuru. Wenye nguvu walimaliza ngwe zao mapema, wakageuka, wakawapokea wazembe, wagonjwa na Mzee Tweve. Kijana mmoja wa Mahongole, Mgaya, ambaye mikono yake ilikuwa kama mitaimbo, ndiye aliyempokea mzee mara nyingi.

"Mkinga, sogea," alikuwa akimwambia. "Unachimba kama unatafuta viazi ulivyoficha."

"Nimeviona, nakuachia wewe. Mbena asipochimbiwa viazi hushiba nini?"

Wakacheka, wakamaliza, wakaondoka pamoja. Mimi nilisimama na daftari langu nikiona uchelewaji. Ndivyo shule ilivyonifundisha kuona.

Mwezi wa Juni, baridi ya kule juu ilipoanza kung'ata, Bwana Filimbi aliniita hemani. "Karani, mvua ya Desemba nataka inikute Makambako. Watu hawa wanamaliza mapema, halafu wanacheza cheza na ngwe za wenzao. Tufanye nini?"

Na mimi, bila kuulizwa mara ya pili, nikatoa akili yangu. Nikasema: tuweke zawadi. Blanketi jekundu zito, kila Jumamosi, kwa mtu atakayezidisha ngwe yake kuliko wote. Anayemaliza ishirini asiache, aendelee mbele. Bwana Filimbi alinitazama kama mtu aliyeokota kitu njiani. Siku ya tatu aliniletea mimi jozi ya buti za ngozi kutoka Iringa. Zawadi ya wazo la zawadi. Nilizivaa siku hiyohiyo.

Naomba msidhani nilikuwa adui wa watu. Niliwaonea huruma kwa baridi. Nilijiambia, watu thelathini watapata mablanketi thelathini, mmoja baada ya mwingine. Sikuwa nimefanya hesabu rahisi kuliko zote: kwamba mwenye nguvu wa wiki hii ndiye mwenye nguvu wa wiki ijayo. Tena nilisahau jambo nililokwisha kuliona kwa macho yangu katika kambi nyingine. Huko bwana mmoja alikuwa anagawa kikombe cha chumvi kwa kila mtu Jumamosi, kwa furaha yake tu. Watu walimwimbia. Mwezi wa tatu chumvi ikachelewa wiki moja, na watu walewale wakakaa chini ya malori, majembe magotini, wakidai chumvi yao. Zawadi ikirudiwa mara tatu haiwi zawadi tena, ni haki. Lakini ile angalau ilikuwa ya wote. Yangu mimi ilikuwa ya mmoja.

Wiki ya kwanza ilikuwa sherehe. Mgaya alichimba hatua ishirini na tisa, akapewa blanketi, akalivaa kama mfalme, akazunguka nalo kambi nzima. Mkewe alikuwa amejifungua, na kule Mahongole mtoto alikuwa analala kwenye magunia. Nani angemlaumu? Hata Mzee Tweve alimpigia makofi.

Ila Jumatatu, saa ya kupokeana ilipofika, Mgaya hakugeuka. Alikuwa anaendelea mbele na ngwe yake. Na wengine watano waliotaka kumshinda hawakugeuka. Mzee Tweve aliinua kichwa, akatazama mstari, akainama tena. Siku ile walimpokea wawili, tena wagonjwa wagonjwa, wakamaliza jua likizama. Wiki iliyofuata akampokea mmoja. Halafu hakuna.

Kazi yenyewe iliharibika, na mimi niliyekuwa mpimaji sikuona, kwa sababu hatua zilikuwa nyingi. Udongo walianza kuutupa ukingo wa juu, maana ni karibu. Milango ya pembeni wakaiacha, kwa sababu haihesabiwi katika urefu. Asubuhi, ukungu ukiwa mzito, vigingi vya ngwe vilianza kutembea. Niliwahi kuwakuta Wabena wawili, ndugu wa ukoo mmoja, wameshikana mashati kwa sababu ya kigingi. Mmoja akaniambia, "Karani, huyu ananiibia ardhi." Ardhi! Mtaro wa serikali.

Nilimwendea Mzee Tweve nikijitetea kabla hajaniuliza kitu. Nikamwambia blanketi ni la kuwasaidia watu kwa baridi.

"Ni zuri," alisema. "Nimelishika. Zito."

"Basi tatizo nini, mzee?"

"Halina tatizo, mwanangu. Linatosha mtu mmoja."

Mwezi wa Agosti Bwana Filimbi alisoma daftari langu vizuri. Akaona kwamba mtu anaweza kuchimba hatua ishirini na tisa. Hakuona kwamba ni mtu mmoja, kwa mwezi mmoja, akitafuta blanketi la mtoto. "Kumbe walikuwa wananidanganya," alisema. Ngwe ikawa hatua ishirini na tano kwa wote. Kikosi kizima kiligeuka kumtazama Mgaya, na Mgaya akatazama chini. Yeye ndiye waliyemchukia. Mimi niliyeandika hawakunikumbuka, kwa sababu kalamu haitoi jasho.

Kisha ikaja amri: asiyemaliza ngwe wiki nzima aondoke kambini. Jumamosi ya kwanza ya Septemba nilisimama mbele ya watu na karatasi yenye majina matatu. Usiku wote, kabla ya hapo, ningeweza kwenda hemani kwa Bwana Filimbi na kumwambia: huyu wa tatu ndiye anayejua maji, mwache. Sikwenda. Nilikuwa nimeahidiwa cheo cha karani mkuu tukifika Makambako. Nikasoma. Jina lake nililisoma haraka kuliko mengine, kama mtu anayevuka moto.

Mzee Tweve hakubishana. Alichukua mkeka na sufuria yake. Njiani akasimama kwenye kona moja, akanionyesha kwa fimbo. "Ndago zile unaziona? Msijaze udongo hapa." Nikasema ndiyo, mzee. Wiki ile ile wakajaza udongo, maana kuweka mawe kunachukua siku nne na hakuna blanketi la mawe.

Mvua za Desemba hazikutukuta Makambako. Zilitukuta kwenye kona ile. Barabara ilivimba kwanza kama unga wa mkate uliotiwa hamira, halafu ukingo wote ukateremka bondeni, na lori la mahindi likabaki limening'inia, magurudumu ya mbele hewani. Tulijaza, ikashuka. Tukajaza tena, ikashuka tena. Mwezi wa Januari Bwana Filimbi aliuliza, bila filimbi safari hii, "Yule mzee wa maji yuko wapi?"

Nilitembea siku tatu. Nilipita Igwachanya, nikapanda milima ya Ukinga kwa buti zangu, ambazo zilinichubua visigino. Nilimkuta kwenye uwanja wa mpwa wake, amekaa juu ya gogo, anatengeneza mpini wa jembe la mtu mwingine. Alikuwa amekonda.

"Kamwene, mzee."

"Kamwene, mwanangu. Kona imeshuka?"

"Imeshuka."

Alicheka mpaka akakohoa. Nilimwomba msamaha, akapunga mkono kama anafukuza nzi. Nikamwambia bwana anamtaka, atakaa kwenye kiti aelekeze tu. Hapo akaacha kucheka.

"Sitaki kiti. Nikikaa kwenye kiti nitakuwa mgeni wenu. Nitakuja kwa sharti moja: nipewe ngwe kama watu wote, na wanipokee kama zamani. Wasiponipokea, narudi huku kufa. Umenielewa?"

"Watakupokea, mzee. Nakuahidi."

Nilitangulia, yeye akafuata taratibu na mpwa wake. Nilipofika nilimwambia Bwana Filimbi, akakubali upesi. Mtu ambaye barabara yake iko bondeni hakawii kukubali. Kisha nikakusanya kikosi. Nikawaeleza kwamba Mzee Tweve anarudi, atatengeneza kona, na sharti lake ni kupokewa tu, kama tulivyokuwa tunafanya.

 Halafu Mgaya akauliza, kwa upole kabisa, hakuwa na ubaya wowote usoni:

"Atakayempokea atapata nini?"

"Mgaya! Si ulikuwa unampokea mwenyewe?"

"Zamani, karani. Zamani hatukujua kwamba hiyo saa ina thamani. Wewe ndiye uliyetufundisha." Wenzake wakaguna kukubali. "Nikigeuka kumpokea yeye, ngwe ya hatua ishirini na tano ananipokelea nani?"

 Kesho yake mzee angefika. Basi nikafanya kile nilichokijua. Nikasema: atakayempokea mzee zaidi ya wote, Jumamosi atapata blanketi. Na mzee asiambiwe.

Alifika, na mchana wa siku ya kwanza walimjia watu sita kwa mpigo. Sijamwona mtu akifurahi vile. Alikuwa amesimama katikati yao, kiko mdomoni, akiwatania mmoja mmoja: huyu ameota kitambi, yule mkewe anampiga, Mbena huyu bado hajajua kushika sururu. Walicheka kweli. Mimi nilisimama pembeni nikajiambia, unaona, karani, hata dawa mbaya inaponya. Siku ya pili wakaja wanane. Wakawa wanasukumana kwenye mtaro wa hatua chache zilizobaki.

Siku ya tatu Mgaya na mwenzake walifika kwenye ngwe ya mzee pamoja, na kila mmoja akasema ndiye wa kwanza. Maneno yakapanda. Mgaya akamsukuma mwenzake, sururu ikaanguka karibu na mguu wa mzee.

"Mnagombea nini?" aliuliza Mzee Tweve.

Mgaya akainama kuiokota sururu.

"Nawauliza, mnagombea nini? Ngwe yangu?"

Yule mwenzake Mgaya, akiwa na hasira, akasema, "Blanketi, mzee. Karani ameweka blanketi."

Mzee Tweve hakuuliza zaidi. Aliwaambia warudi kwenye kazi zao, na walipokawia akainua mpini kana kwamba angewapiga. Wakarudi. Siku tatu zilizobaki hakumruhusu mtu kumkaribia. Alipanga mawe peke yake, makubwa chini, madogo juu, akijiburuta kwa nyonga ile, na Bwana Filimbi mwenyewe aliogopa kumpulizia. Nilimfuata mara moja tu. Nilitaka kumweleza kwamba sikuwa na njia nyingine.

"Karani," aliniambia, na tangu tujuane alikuwa hajaniita hivyo, "umeninunulia watu niliokuwa nao bure."

Jumamosi mchana alipindua gamba la mwisho la nyasi, akalikanyaga, akamwaga debe la maji juu yake na kusubiri. Maji yakatokea upande wa pili, bondeni, safi. Akatikisa kichwa kuridhika, akamwita mpwa wake, wakaondoka. Kona ile haijashuka mpaka leo. Malori ya Songea yanapita juu yake kila siku. Yeye tulisikia amekufa kabla ya masika kwisha.

Jioni ile watu walijipanga mbele ya ghala kama kila Jumamosi. Sikuwa na uso wa kuwatazama, lakini ahadi ilikuwa ahadi. Nikafungua daftari, nikasoma jina la aliyempokea mzee mara nyingi kuliko wote. Mgaya akasogea mbele, akapokea blanketi kwa mikono miwili, akalikunja vizuri begani. Kisha akaniuliza kama kuna mzee mwingine atakayekuja wiki ijayo.